Waya, betri na leseni: Somo la redio za ridhaa kwa watu wa Ziwa Tanganyika

BUJUMBURA. Kila mfanyabiashara anayesafirisha mzigo kwa boti kati ya Kigoma, Rumonge, Bujumbura, Uvira na Kalemie anajua mahali ambapo simu yake hufa. Ukishaacha ufuo nyuma, vijiti vya mtandao hupungua kimoja kimoja hadi vinaisha. Kuanzia hapo, magunia ya dagaa, madumu ya mawese na marobota ya vitenge yako mikononi mwa Mungu na nahodha. Dhoruba ikija au injini ikizima, hakuna wa kumpigia.

Hata nchi kavu mambo si salama sana. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja. Intaneti ilidorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko katika ukanda huu, na wengi wakagundua kwamba biashara yao yote imening'inia kwenye uzi ambao hawajawahi kuuona.

Lipo kundi la watu duniani ambalo limeishi na swali hili kwa zaidi ya miaka mia moja: utazungumzaje na mtu wa mbali bila kampuni, bila mnara na bila waya katikati? Ni wanaredio wa ridhaa. Hawalipwi wala hawauzi matangazo. Mtu ananunua au kuunda mtambo wake, anafanya mtihani, anapewa leseni na serikali, anafunga waya juu ya mwembe, kisha anazungumza na dunia. Wengi huanza wakiwa vijana na kuendelea hadi uzee.

Makala haya yanawahusu watu hao, na yanauliza kwa nini mtaa kama Kinanira, kusini mwa Bujumbura, ungefaidika kuwa nao.

PADRI WA NCHI ISIYO NA BAHARI

Ukitafuta maisha ya mwanaredio yanayofanana na hali ya Burundi, utayapata Nepal. Nayo ni nchi isiyo na bahari, ina milima mingi, majirani wakubwa na barabara ngumu. Huko aliishi Padri Marshall Moran, Mjesuti aliyezaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1906.

Moran alikwenda India mwaka 1929 akiwa kijana, akafundisha huko kwa miaka mingi. Mwaka 1951, Nepal ilipoanza kufungua milango yake kwa wageni, aliombwa kuanzisha shule. Akaanzisha shule ya Mtakatifu Xavier huko Godavari, pembeni mwa bonde la Kathmandu. Hiyo ndiyo kazi aliyotumwa. Redio ilikuwa mapenzi yake binafsi.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 alirusha kwa alama 9N1MM. Herufi mbili za mwisho ni za jina lake, lakini yeye alipenda kujitambulisha hewani kwa utani kama "Mickey Mouse". Kwa miaka mingi alikuwa karibu ndiye pekee aliyesikika kutoka Nepal, kwa hiyo wanaredio wa kila bara walikesha wakimtafuta. Mtu wa Brazili au Japani ambaye hakujua Nepal iko wapi kwenye ramani, aliijua kwa sauti ya padri huyu.

Lakini sifa yake haikujengwa na salamu hizo. Simu za nchi hiyo zilikuwa chache na barabara hazikufika kila mahali. Mpanda milima akiumia au kijiji kikipata janga, padri mwenye redio alikuwa miongoni mwa watu wachache walioweza kupeleka habari upesi. Watu walimzoea: mwalimu mchana, mpeleka ujumbe usiku. Alifariki mwaka 1992, akiwa ameishi Nepal kwa takriban miaka arobaini.

Alichoacha kilionekana baada yake. Aprili 25, 2015 tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliipiga Nepal na kuua karibu watu 9,000. Mitandao ya simu ilielemewa au kuzimika katika maeneo mengi. Wanaredio wachache wenye leseni walitumia betri na mitambo yao kupeleka na kupokea habari za majeruhi na waliopotea. Walikuwa wachache mno kwa msiba mkubwa kiasi kile, nao wenyewe walilisema jambo hilo. Ukitaka wanaredio siku ya maafa, lazima uwe umewalea miaka kumi kabla.

MAMA WA PORT BLAIR

Mfano wa pili ni wa mwanamke, na uko ng'ambo ya bahari hiyohiyo inayopiga Mombasa na Dar es Salaam. Bharathi Prasad wa India ni mwanaredio mwenye alama VU2RBI. Kwa miaka mingi aliiomba serikali ya nchi yake kibali cha kurusha kutoka visiwa vya Andaman. Visiwa hivyo ni eneo nyeti kwa ulinzi, na redio za ridhaa zilikuwa zimezuiwa.

Kibali kilipatikana mwishoni mwa mwaka 2004. Bharathi na wenzake wakafunga mitambo hotelini Port Blair, wakaanza kuzungumza na maelfu ya wanaredio waliokuwa wakingoja kusikia visiwa hivyo. Asubuhi ya Desemba 26 ardhi ikatikisika akiwa hewani, kisha tsunami ikaja. Simu zikakatika.

Palepale mchezo ukageuka kazi. Mtambo uliokuwa wa salamu ukawa njia ya kupeleka bara habari za nani yu hai na nini kinahitajika. Wanaredio wengine wakapelekwa na mitambo hadi kisiwa cha Car Nicobar, kilichoumia zaidi. Serikali iliyokuwa ikisita kutoa kibali ikajikuta inawategemea waliokipata.

Kwetu somo liko kwenye tarehe. Kama kibali kingecheleweshwa mwezi mmoja zaidi, Desemba 26 isingewakuta pale.

Wapo waliodhani redio ni kitu cha kuhofiwa na watawala. Historia inaonyesha vingine. Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa mwanaredio, alama yake JY1. Sultani Qaboos wa Oman, nchi yenye ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, alikuwa A41AA, na jumuiya ya kifalme ya wanaredio wa nchi hiyo iliundwa mwaka 1972.

HERUFI ZETU HEWANI

Kila nchi ina herufi zake hewani, kama ilivyo namba ya gari. Burundi ni 9U. Rwanda ni 9X, Uganda 5X, Kenya 5Z, Tanzania 5H, Kongo 9Q, Sudan Kusini Z8. Zambia, jirani yetu wa kusini mwa ziwa, ni 9J. Kabla ya uhuru, Ruanda-Urundi ilitumia OQ0, Tanganyika VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5 na Zanzibar VQ1. Mzee aliyehifadhi kadi za zamani za mawasiliano hayo ana historia ya Afrika Mashariki ndani ya bahasha moja.

Leo Kenya, Uganda na Tanzania zina vyama vya wanaredio. Dunia nzima wanaunganishwa na umoja wao wa kimataifa, IARU, ulioundwa Paris Aprili 18, 1925. Kila mwaka tarehe hiyo ni siku yao.

Burundi husikika mara chache. Kwa sababu hiyo wanaredio wa nje huitafuta kwa hamu, na timu za wageni, hasa kutoka Ulaya, zimewahi kufunga safari hadi hapa ili kuirusha 9U kwa siku chache. Wageni huja na mitambo, huzungumza na maelfu ya watu, kisha hufungasha na kuondoka. Tunachokikosa ni wenyeji wa kutosha, watu ambao siku ya mafuriko hawatahitaji ndege ya kuwaleta.

KWA NINI KINANIRA

Kinanira iko upande wa kusini ambako mji unaelekea kwenye vilima. Upande mmoja ni ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Upande wa pili ni miinuko inayopanda hadi zaidi ya mita 2,000. Ziwa lenyewe liko kwenye mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Yaani Bujumbura imekaa kama chini ya ukuta.

Redio ndogo za mkononi, zile za walinzi na mafundi wa ujenzi, husafiri kwa mstari ulionyooka. Kilima kikisimama katikati, sauti inakatika. Ndiyo maana redio ya aina hiyo ikiwa Kinanira inaweza kufika mbali upande wa ziwa, lakini isisikike Gitega.

Wanaredio wana dawa ya zamani ya ukuta huo. Wanatumia mawimbi mafupi, tuseme megahezi 7, na kufunga waya wa shaba wenye urefu wa takriban mita 20, uliolala juu ya ardhi kwa kimo cha mita tatu hadi tano tu. Waya ukiwa chini hivyo, nguvu nyingi hupanda moja kwa moja juu, hugonga tabaka la anga lililochajiwa na jua, kisha hurudi chini kama mvua. Milima haina la kusema, kwa maana sauti imepita juu yake. Eneo la kilomita mia kadhaa kuzunguka linasikia: Gitega, Uvira, Kigoma, Kalemie, Kigali. Usiku jua likizama, wanahamia megahezi 3.7 au karibu na hapo.

Vifaa vyake si vya ajabu. Mtambo wa wati 100, betri ya gari ya volti 12, sola ya kuichaji, waya na miti miwili. Katika mji ambao umeme hukatika na mafuta ya jenereta yamekuwa adimu, mtambo unaoishi kwa betri na jua si anasa. Na fundi wa Buyenzi anayefufua dinamo za malori, akifundishwa, hatashindwa kuutengeneza.

Haja ipo. Usiku wa Februari 9 kuamkia 10, 2014 mvua ilishusha maji na matope kaskazini mwa Bujumbura, na zaidi ya watu 60 walifariki. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba na kuhamisha maelfu. Mwezi huohuo mafuriko yaliua watu Uvira, ng'ambo ya mpaka uleule. Mito ya Muha na Kanyosha nayo imekuwa ikila kingo zake mwaka hadi mwaka. Msiba ulikuwa mmoja pande zote mbili za mpaka, lakini ofisi zilikuwa mbili, mitandao miwili na lugha za makaratasi zaidi ya mbili. Wanaredio wanne, wawili kila upande, wanaofahamiana kwa sauti na wanaozungumza Kiswahili, wangekuwa daraja.

FONI TUNAYOIFAHAMU

Mfanyabiashara wa Uvira au Bukavu atasema jambo hili si geni. Atakumbuka foni. Kabla ya simu za mkononi kufika vijijini, mashariki mwa Kongo kulikuwa na vibanda vya redio za mawimbi mafupi. Unalipa, unakaa kwenye kiti, unaita Shabunda au kwingineko, unauliza bei, unatuma salamu za msiba, unaagiza mzigo. Wote waliokuwa kwenye foleni walisikia habari zako, lakini ujumbe ulifika.

Foni iliokoa maisha pia. Kuanzia takriban mwaka 2010, huko Haut-Uele, kanisa na mashirika ya misaada yalieneza redio za mawimbi mafupi katika vijiji vilivyokuwa vikishambuliwa na waasi wa LRA. Vijiji viliitana kwa saa maalumu asubuhi na jioni, vikapeana tahadhari. Kijiji kilichonyamaza kilitiliwa shaka, na majirani walijua kuna jambo.

Afrika Mashariki ya Kiingereza ilikuwa na yake. Madaktari wa Ndege wa AMREF, walioanza mwaka 1957, walijenga mtandao wa redio uliounganisha Nairobi na zahanati na hospitali za misheni porini. Muuguzi aliita, daktari akasikiliza, ndege ikaruka.

Hizo hazikuwa redio za ridhaa kisheria. Zilikuwa na leseni za aina nyingine. Ila ujuzi ni uleule: kufunga waya, kutunza betri, kusikiliza kabla ya kusema, kusema kwa ufupi. Simu za mkononi zilipofika, vibanda vikafungwa na ujuzi ukaanza kuzeeka pamoja na wenyewe. Tukisubiri miaka kumi zaidi, hatutakuwa na wa kutufundisha.

MFANYABIASHARA, SIKILIZA HAPA

Kuna jambo ambalo lazima lisemwe wazi ili mtu asije akakamatwa kwa sababu ya gazeti hili. Redio ya ridhaa hairuhusiwi kwa biashara. Huwezi kuitumia kuuliza bei ya mchele Kigoma wala kumwambia dereva ashushe mzigo Kobero. Ukifanya hivyo unavunja sheria, na mwenye leseni anaweza kunyang'anywa.

Kanuni za kimataifa zinaruhusu mwanaredio kupeleka ujumbe wa mtu mwingine nje ya mipaka wakati wa dharura au maafa tu. Mkutano wa dunia wa masafa wa mwaka 2003 ndio uliolinyoosha jambo hilo. Mkutano huohuo uliondoa sharti la kimataifa la kila mwanaredio wa mawimbi mafupi kujua Morse, ile lugha ya nukta na mistari iliyowatisha vijana wengi. Leo kila nchi inaamua yenyewe.

Kwa hiyo faida yako wewe mwenye mzigo haiko kwenye bei. Iko kwenye roho na mali siku mambo yanapoharibika. Boti yenyewe inapaswa kubeba redio ya majini, na chaneli ya dharura ni 16. Mwanaredio wa nchi kavu hachukui nafasi ya chaneli hiyo wala ya mamlaka za bandari. Kazi yake ni kuwa sikio la ziada ufukweni na mdomo wa ziada pale minara inapozimika. Katika kanda yetu, wanaredio wametenga masafa ya kukutania wakati wa dharura, yakiwemo kilohezi 3760 na 7110.

La pili ni forodha. Redio ndogo za kurusha zinauzwa kwa bei rahisi Dubai na Guangzhou, na wengine huzibeba pamoja na vipuri vya simu. Kifaa chochote kinachorusha mawimbi kinahitaji ruhusa ya mdhibiti wa nchi unayoingia: ARCT hapa Burundi, TCRA Tanzania, RURA Rwanda, UCC Uganda, ARPTC Kongo, na Mamlaka ya Mawasiliano Kenya. Pata kibali kabla ya kununua. Katika maeneo yetu yaliyopitia vita, afisa wa mpakani anayekuta redio ndani ya gunia la nguo hawezi kulaumiwa akiuliza maswali.

LESENI ISIYOVUKA MPAKA

Hapa ndipo suala linaporudi kwenye Jumuiya. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kufanya kazi Julai 1, 2010. Kongo ikawa mwanachama kamili Julai 2022. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kushusha gharama za kupiga simu kuvuka mipaka yao, na kila mfanyabiashara aliyetumia huduma hiyo anajua ilivyopunguza machungu.

Lakini leseni ya mwanaredio bado hutolewa na kila nchi kivyake. Ulaya walilitatua jambo hili zamani. Tangu mwaka 1985 wana makubaliano yanayomruhusu mwanaredio wa nchi moja kurusha kwa muda mfupi katika nchi nyingine akiwa na leseni yake ya nyumbani. Anaweka tu herufi za nchi aliyopo mbele ya alama yake, basi.

Upo pia Mkataba wa Tampere, uliopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika Januari 2005. Lengo lake ni kuondoa vizuizi vya mipakani ili vifaa vya mawasiliano viingie haraka nchi yenye maafa. Mtu aliyewahi kusubiri siku tatu Kabanga au Gatumba kwa sababu ya muhuri mmoja anaelewa kwa nini mkataba kama huo ulihitajika.

Tunachohitaji hakihitaji mabilioni. Cha kwanza ni mtihani mmoja unaotambuliwa na wanachama wote, unaoweza kufanywa kwa Kiswahili. Cha pili ni ada ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kuilipa. Cha tatu ni orodha ya wanaredio mikononi mwa ofisi za maafa za kila nchi, ili siku ya mafuriko wasichukuliwe kuwa wapelelezi. Cha nne ni shule. Kikundi cha wanafunzi kumi wa Kinanira wenye mtambo mmoja na mwalimu mwenye subira kinaweza kutoa mafundi wa maisha yote.

Hofu ya usalama ipo na ni halali. Redio imetumika vibaya katika ukanda huu, na vidonda vyake havijasahaulika. Ila mwenye leseni ana jina, anwani na alama anayolazimika kuitaja kila anapozungumza, na yeyote mwenye kipokezi anamsikia. Asiye na leseni ndiye asiyejulikana. Kuwanyima watu wema leseni hakumzuii mbaya. Kunapunguza tu idadi ya wanaosikiliza.

Vyama vya wafanyabiashara wadogo wa mpakani hukutana mara kwa mara na maofisa wa forodha na wa Jumuiya. Ajenda huwa ushuru, vyeti na foleni, na ni haki yao. Safari hii waongeze swali moja fupi: boti yetu ikipotea kati ya Kigoma na Bujumbura usiku, na simu hakuna, ni nani aliye macho akisikiliza?